Koti Lako Wanalilalia Sungura

Baba Zaina,

Hapa Kindu barua za walio hai zenyewe zinafika zikitaka, kwa hiyo asinicheke mtu kwa kumwandikia aliye kaburini. Wewe angalau huwezi kusema umehama. Nimetoka eda juzi, nimeoshwa, nimevishwa kitambaa kipya, shangazi yako Bibi Mwajuma amenimiminia mafuta kichwani mpaka yakaingia masikioni, na sasa nimeketi jikoni peke yangu. Nina mengi ya kukuambia. Mengi si mazuri, na karibu yote mabaya yanamhusu mdogo wako.

Najua ungeanza kuuliza nini. Si habari yangu, wala ya mabati yaliyotoboka juu ya chumba alicholala Zaina kabla hatujamwoza. Ungeuliza sungura. Basi, wazima. Dume lako Kapita alihasiwa kama ulivyoagiza, jike lako Sikujua hatazaa tena, na wanalala kichwa kwa kichwa. Lakini kuwarudisha pamoja kulinitoa jasho, na koti lako la bluu la kazini limeishia humo. Nakwambia mapema ili usije ukashtuka huko mbele.

Kilio chako kilijaa watu. Wale wa kwenu Lokandu walipanda mto wakaja mikono mitupu na matumbo wazi. Walikula wali, wakala sombe ya majani ya muhogo, wakamla mbuzi aliyetolewa na Mama Ngalula, jirani yetu, Mkatoliki wa Kasai ambaye hata si ndugu, kisha wakauliza kama chai iko na maziwa. Asumani alilia kuwapita wote. Alilia ndani ya abakosti yake ya komite, ile suti isiyo na tai ya watu wa chama, vifungo vimefungwa hadi kooni, ile ile anayovaa siku za salongo, ile kazi ya bure ya lazima, akisimama kivulini kuwaangalia wenzake wakifyeka majani. Kila alipojifuta macho aliyapeleka juu kwenye mabati, halafu kwenye milango, halafu kwangu. Machozi ya mdogo wako yana kazi nyingi.

Kabla udongo wa kaburi haujakauka alikwisha kuuliza koti liko wapi. Unajua kwa nini, ni desturi ya kwenu, lakini nitaiandika ili nione upuuzi wake kwa macho yangu. Siku mjane anapotoka eda, nguo za marehemu zinagawanywa mbele ya watu. Kwa babu zenu nguo kubwa ilikuwa kanzu. Tangu mwingie kazi ya reli, imekuwa koti la kazi. Ndugu atakayelivaa siku ile, watu wakamwona, amekaa mahali pa marehemu. Nyumba ni yake, kiti ni chake, na mwanamke aliyekutwa ndani anahesabiwa pamoja na vyungu. Mwanamke mwenyewe haulizwi. Mimi niliyekaa nawe tangu sina hata unywele mmoja mweupe, nilikuwa nasubiri kurithiwa na mwanamume asiyeweza kurithi hata kiroboto akamlisha.

Na huyo mrithi ni nani? Nikukumbushe, maana huenda huko uliko watu wanasamehe upesi. Mwaka ule serikali ilipowanyang'anya wageni maduka ikawapa raia, yule Mreno wa vitambaa karibu na stesheni alifunga sanduku moja akaondoka. Asumani alikuwa hodari wa kupiga makofi mbele ya wakubwa na kuimba nyimbo za chama mpaka mishipa ya shingo inasimama, basi akapewa duka. Wewe uliyemtengenezea Mreno mashini yake ya umeme miaka yote ile, Mreno mwenyewe alikuita nyuma ya duka akakupa kreti yenye sungura wawili. Ndugu wa tumbo moja, siku moja, mmoja anarudi na ufunguo wa duka, mwingine na kreti inayonuka mkojo. Mtaa ulicheka. Mimi pia nilicheka.

Duka lile halikumaliza masika. Vitambaa viliishia viunoni mwa wanawake wake wa pembeni. Rafu zikafuata. Mizani alisema imeibiwa, kisha tukaikuta sokoni ikipima dagaa, na muuzaji akatusalimu kwa heshima, eti ndugu zake bosi. Siku hizi wanalala mbuzi mle ndani, na kibao cha jina lake kingali juu ya mlango. Sungura wako wangali hai.

Mreno alikuwa amewapa majina ya watakatifu. Ulisema hata watu waliobatizwa wamevuliwa majina yao na serikali, sungura watasalimika vipi, ukawabadilisha papo hapo uani, ukiwanyunyizia maji kwa vidole. Dume ukamwita Kapita, kama msimamizi wa kazi, kwa sababu alizunguka ua akikagua kila kitu wala hakufanya kazi yoyote. Jike ukamwita Sikujua, kwa sababu alikata kamba za viatu vyako vya kazi, na ulipomsemesha akatazama ukuta. Nilikwambia utakuwa mwanamume wa kwanza mjini hapa kufuga nyama asiyoila. Ukanijibu, "Mama Zaina, kuku tunakula. Hawa tunakaa nao."

Mimi sikuwapenda, na unajua. Sungura ni mnyama mjinga. Kulia hajui, kushukuru hajui, na ukimwekea matembele mabichi kabisa ataacha akatafune mguu wa kiti. Ila jambo moja niliona. Ulikuwa ukirudi kutoka depo, unavua koti na kulitupa chini karibu na mlango, hata nikigomba namna gani. Wale wawili walikuja mbio kutoka walikokuwa, wakalipanda, wakalikunja kwa miguu, wakalala. Wewe unaoga, wao wamelala. Nilisema koti lile litafuliwa lini. Ulisema koti la mashini halifuliwi, linazoea tu. Lilinuka mafuta mazito, tumbaku na jasho lako, na nikalichukia miaka na miaka.

Sikujua alipozaa mara ya mwisho alikaribia kufa, unakumbuka. Njo maana pale hospitali, homa ilipokuachia kidogo, hukusema habari ya nyumba wala ya Zaina. Ulisema, "Kapita apelekwe kwa daktari. Sikujua asizae tena. Lakini usiwatenganishe." Nilikasirika. Mtu anakufa na maneno yake ya mwisho ni ya sungura. Nilikujibu ndiyo kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukunywesha uji. Hukunywa.

Sasa mimi niko ndani ya eda, siwezi kutoka, na Kapita atoke. Mama Ngalula ndiye aliyembeba, ndani ya kikapu cha samaki, mpaka kwa yule daktari wa mifugo. Wewe ulimheshimu mtu yule. Mimi nakwambia alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia Mama Ngalula amehasi mafahali na madume ya mbuzi, lakini hajawahi kuletewa mume wa sungura na mke wa mtu. Akauliza mgonjwa anakunywa kahawa au chai. Alipomaliza kucheka akamchoma sindano, akamkata, akamshona, na nitakuwa mwongo nikisema alikosea. Alisema jambo moja la maana: asirudishwe kwa jike upesi, kidonda kipone, na mbegu iliyobaki mwilini iishe, la sivyo atampa mimba siku ile ile anayorudi na kazi yote itakuwa bure.

Basi nikafanya lile ulilonikataza. Niliwatenganisha. Sikuwa na njia nyingine, Baba Zaina, usinitolee macho. Kapita akakaa kwa Mama Ngalula, ng'ambo ya ua, chini ya kichanja anachokaushia samaki. Sikujua akakaa nami ndani, maana nje wangemla. Asumani alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba siku ya arubaini kutapikwa sungura wa marehemu, eti marehemu angependa. Nilimtumia jibu kupitia shangazi yako kwamba atakayewagusa nitamtia maji ya moto, eda au si eda. Kwa mara ya kwanza Bibi Mwajuma akaniangalia kana kwamba mimi ni muntu.

Tukakaa eda wawili, mimi na jike lako. Kila jioni ya Alhamisi nilikufukizia ubani kama inavyopasa, chetezo chini, na Sikujua kando yake anapiga chafya. Wanawake waliokuja kunifariji walikaa, wakasema subira, wakatazama kama sukari ipo, wakaondoka. Sikujua hakusema subira. Alikuwa akienda mlangoni, pale koti lilipokuwa likitupwa, ananusa sakafu, anarudi. Kesho yake tena. Nilimwambia acha ujinga. Halafu usiku huo nililitoa koti kwenye sanduku, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba, na nikawa naenda na mimi kulinusa. Usimwambie mtu.

Daktari aliposema sasa anaweza kurudi, Mama Ngalula akamleta Kapita mikononi. Mimi mjinga nilikuwa nimetandika majani mapya, nimeweka na karoti ambayo Mama Ngalula aliitafuta soko zima. Nilifikiri watakimbiliana. Tukamweka chini. Sikujua alimwendea, akanusa, na aliponusa nikamwona anabadilika. Kwake yeye, aliyeingia alikuwa mgeni anayenuka samaki mkavu na dawa ya kidonda. Na kwa Kapita, yule jike anayenuka ubani hakuwa mkewe, alikuwa msikiti. Alipiga mguu chini mara moja, na kabla sijaelewa wakawa wameviringana. Manyoya yaliruka mpaka kwenye chungu. Sikio la Kapita likachanika. Mama Ngalula alitia mkono akaumwa kidole, akasema maneno ya Kiluba ambayo sikuomba tafsiri.

Niliketi chini nikalia. Si kwa ajili ya sungura. Niliona kwamba jambo moja tu uliloniomba, moja, nimeliharibu kwa mikono yangu, tena kwa ubani niliokuwa nakufukizia wewe.

Kisha wakaja wenye akili. Hujui mji huu una wataalamu wa sungura wangapi mpaka uwe na shida ya sungura. Wanawake wa kisimani walisema jike amekataa kwa sababu anajua dume si dume tena, wakacheka wakitazama waume zao. Mwalimu wa Kurani alisema niwapakie wote mafuta ya mawese ili wanuke sawa. Nilijaribu. Walipigana vile vile, na kuta za chumba zikawa nyekundu, nikabaki kuzisugua na sabuni kama niliyechinja. Daktari, alipoulizwa tena, alisema kazi yake ni kisu, si ndoa.

Na Asumani akaja. Hakuingia chumbani, sheria hiyo anaijua, alisimama kwenye baraza ya nyuma na kunisemesha kupitia pazia, kikofia cha komite mkononi. Alijua kila kitu, mtaa ulikwisha kumwambia. Alisema nimewadekeza. Alisema kinachotakiwa ni nidhamu, wote wawili watiwe ndani ya gunia moja, gunia lifungwe, litikiswe, liachwe gizani. Wakitoka wamepatana.

"Shemeji, dume na jike ukiwafungia mulango, watazoeana tu," alisema. "Watapigana siku mbili, tatu. Halafu jike atachoka. Wanyama na wantu njo mamoja."

Alitaka nielewe. Nilielewa. Kisha akauliza tena koti liko wapi, na kama nimelifua, maana angependa kulivaa likiwa safi. Mwanamume huyu alikuwa anasubiri kuvaa ngozi ya kaka yake na alitaka ipigwe pasi. Nilisikia viatu vyake vikienda, vile vya Mreno, vinavyomzidi nambari.

Nilirudi chumbani nikasimama mbele ya koti. Nataka ujue kwamba sikumfikiria Asumani wakati ule, ingawa shangazi yako hadi leo anaamini nilikuwa nimepanga vita. Nilifikiria jambo dogo. Wale wajinga wawili hawakuwa wamesahauliana. Kila mmoja alikuwa amevikwa harufu ya mahali, mmoja ya samaki, mmoja ya msiba, na hakuna aliyeweza kupita hapo akamfikia mwenzake. Harufu waliyowahi kulala ndani yake pamoja ilikuwa moja tu. Ilikuwa nyuma ya mlango wangu, na ilikuwa yangu. Hakuna kingine kilichokuwa kimebaki cha mwili wako. Shuka zilifuliwa na wanawake wa kwenu siku ya kwanza. Mto walikwenda nao.

Nikalinusa. Nikalinusa tena, mpaka nikawa sijui kama nalinusa koti au naikumbuka harufu. Halafu nikachukua makasi ya Mama Ngalula, yale ya kushonea, nikalipasua kuanzia kwenye ukosi kushuka mgongoni. Nguo ngumu, Baba Zaina. Ulikuwa na haki, mafuta yale yalikuwa yamelifanya turubai. Mkono uliniuma. Nusu yenye mfuko wa tumbaku nilimpelekea Kapita kwa Mama Ngalula, nusu nyingine nikamtandikia Sikujua. Yeye hakungoja hata niondoe mikono. Alipanda, akalikunja kwa miguu kama zamani, akalala ubavu, macho yamefumba. Mama Ngalula akanisimulia kupitia ua kwamba na kwake njo vile vile.

Nilisimamisha ubani. Siku za Alhamisi nikakusomea tu, na wanawake wakanong'ona kwamba nimechoka na marehemu. Baada ya siku chache nikabadilisha, nusu ya huyu kwa yule. Siku ya kwanza Sikujua aliinusa nusu ya Kapita, akapiga mguu, akakaa pembeni amenuna. Jioni akailalia. Nikabadilisha tena, na tena, mpaka sikujua tena ipi ilikuwa ya nani, na nikajua nguo ile haitakuwa yangu tena. Kila nilipoiinua ilinuka wewe kidogo zaidi na sungura kidogo zaidi. Mwishoni ilinuka mkojo.

Nikachagua pale ambapo hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga, bafu ya mabati nyuma ya nyumba. Nikakausha chini, nikatandika nusu zote mbili zimegusana. Tukawaingiza, Mama Ngalula na kidole chake kilichofungwa kitambaa, mimi na ufagio mkononi tayari kuwaachanisha. Walikaa kila mmoja mwisho wake, wanajifanya hawaonani. Nimeona wanandoa wakikaa hivyo mbele ya wakwe. Kapita akajilamba mguu. Sikujua akalamba bati. Kisha akaja polepole, tumbo chini, akafika mpaka mbele ya uso wake, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa koti. Akangoja. Kapita alimtazama muda mrefu, mwanamume yule mwenye sikio lililochanika na naniliu zilizobaki kwa daktari, halafu akaanza kumlamba paji la uso.

Mama Ngalula alifanya ishara ya msalaba. Nilimwambia ni sungura tu. Akaniambia nifute makamasi.

Hayo yalikuwa kabla kidogo ya kutoka kwangu. Siku yenyewe walikuja wote tena, na njaa yao. Asubuhi hiyo hiyo, kabla sijaoshwa, likafika godoro la Asumani juu ya mkokoteni, na redio yake juu ya godoro, na picha yake ndani ya kioo, amevaa abakosti. Aliituma mbele ikamshikie nafasi. Watu walipita wakaona, hakuna aliyesema kitu, maana mtu wa komite anaweza kukuandika kwamba hukuja salongo. Nilipotoka nimevaa kitambaa kipya, godoro lilikuwa limekwisha kuegemezwa kwenye ukuta wa chumba chetu.

Waligawa kofia yako, viatu, saa isiyotembea, mashati. Kwa kila nguo Bibi Mwajuma alitaja jina, mtu akapokea, watu wakasema aamina. Kisha Asumani akasimama, akafungua vifungo vya abakosti kimoja kimoja mbele ya umati, akaivua, akampa mtu aishike, akabaki na singlendi yenye tundu kwapani. Akanyoosha mikono yake nyuma, hivi, kama mgonjwa anayengoja kuvishwa. Akasema kwa sauti ya mkutano kwamba sasa sitwayeni mjane, raia kwa maneno ya chama, alete koti la kaka yake.

Nikamwambia, "Njoo."

Wote walikuja nyuma yetu hadi uani. Nilifungua kizizi. Kapita na Sikujua walikuwa wamelala juu ya vipande viwili vya nguo ya bluu, mavi madogo yametapakaa kila upande, na kila aliyekuwa karibu alirudi hatua kwa harufu. Sikujua alifungua jicho moja, akaona ni watu, akalifumba.

"Liko pale," nikasema. "Vaa."

Asumani alikuwa angali ameweka mikono nyuma, aliisahau. Akanitazama, akatazama nguo, akaanza kusema habari ya heshima ya marehemu, ya mila, kwamba atapeleka jambo hili kwenye komite. Nilimuuliza ataiambia nini komite, kwamba amenyang'anywa koti na sungura? Hapo mtu mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kucheka.

Bibi Mwajuma akapita mbele na fimbo yake. Unajua hakunipenda mimi tangu nilipotoka kwetu Tunda na sanduku langu la bati. Aliinama, akatazama vipande vile kwa muda, akamtazama Kapita, akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa anakuona wewe ukilitupa lile koti mlangoni.

"Koti limeisha kugawanywa," akasema. "Njo hawa walilalia. Lingine haliko."

Halafu akasema aamina, na watu, kwa mazoea, wakaitikia. Ikaisha hivyo. Mila yenu ya miaka mingapi sijui, ikafungwa kwa sababu jike mmoja hakupenda harufu ya samaki. Asumani akavaa abakosti yake, akakosea vifungo, akaondoka upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Godoro likarudi kwenye mkokoteni. Redio ilikuwa imewaka njiani kwa kutikiswa, ikaenda inaimba nyimbo za chama mpaka pembeni ya mtaa. Hakuna aliyepiga makofi.

Njo habari zangu. Nyumba iko, mabati yangali yanavuja, nitampata mtu wa kuyaziba. Zaina ameandika, ama ameandikisha mtu, anasema nihamie kwake Kalemie. Sitaki. Nani atawaangalia hawa mabwege wawili? Nawaita mabwege mpaka leo. Sijajifunza kuwapenda, usijidanganye. Nawapa matembele, wanatafuna mguu wa kiti chako, nawagombeza, wanatazama ukuta.

Jana niliinama kizizini nikalinusa koti, kuona. Haumo tena. Ni sungura kabisa. Nilidhani nitalia na sikulia, nilikaa tu pale nimepiga magoti kwenye mavi, na nguo mpya ya kutokea eda.

Pale hospitali, ulipokata roho, Asumani alikufunika uso upesi, akasema wanawake warudi nyuma, akanisukuma begani. Sikukugusa. Niliona shuka tu. Kwa siku nyingi baada ya hapo, nikisikia filimbi ya depo, niliinuka kuweka maji ya kuoga. Kichwa kilikuwa kimeambiwa, mwili haukuambiwa. Siwezi kumsamehe mtu yule kwa hilo. Duka ningemsamehe.

Kwa hiyo nakuahidi hili, Baba Zaina, na kwa ahadi hii nakuaga. Hawatatenganishwa tena. Na mmoja wao atakapokufa, maana watakufa, wamezeeka, sitamwondoa upesi. Nitamwacha pale juu ya vipande vile vya bluu, na mwenzake nitamwacha karibu, amnuse, amlambe kama anataka, azunguke, arudi, amnuse tena, mpaka mwenyewe aondoke. Hakuna atakayemsukuma. Nitakaa kando yao nishike ufagio, na atakayekuja kuharakisha atanikuta.

Lala sasa. Koti, vipande vyake vyote viwili, nimelitoa kizizini nikalitupa chini karibu na mlango, kama ulivyozoea.

Mimi mkeo,
Mama Zaina